Dhahania Si Kitu Kisichokuwapo

Katika somo la aina za maneno, hakuna istilahi inayofundishwa kwa haraka na kukaririwa kwa urahisi kama nomino dhahania. Mwalimu huandika ubaoni kwamba hizi ni nomino zinazotaja vitu visivyoonekana wala kushikika, hutoa mifano mitatu minne kama vile upendo, uhuru na ujinga, kisha huendelea na nomino za jamii. Mwanafunzi naye hunakili. Baada ya miaka michache mwanafunzi huyo huyo huja kwetu Kyambogo kusomea ualimu. Tunapomtaka aeleze maana ya dhahania katika jaribio, jibu linalojirudia ni hili: dhahania ni kitu ambacho hakipo. Tukimtaka atoe mifano, hutaja haki, amani, njaa na zimwi, vyote katika mstari mmoja.

Tunamwomba msomaji autazame tena mstari huo. Je, haki haipo? Je, njaa haipo? Mtu aliyelala bila kula angekuwa na la kusema juu ya jibu hilo. Na zimwi limeingiaje katika safu moja na amani? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno dhahania, kwa asili yake, halisemi lolote kuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa kitu. Linasema kitu hicho kinakaa wapi, na makao yake ni akilini. Kulifanya litaje mambo yasiyo ya kweli ni kulibebesha mzigo usio wake, na hasara yake haiishii katika sarufi. Inafika katika usomaji wa fasihi, na hata katika namna tunavyowafundisha vijana kufikiri juu ya mambo makubwa ya nchi yao.

Asili ya neno

Dhahania ni neno lenye asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo dhihn ni akili au fahamu, na dhihni, au dhihniya katika umbo la kike, ni kile kinachohusu akili. Konsonanti za mzizi ni dh, h na n, na zote tatu zimebaki katika umbo la Kiswahili. Jambo hili ni muhimu kwa sababu wapo wanaolichanganya neno hili na dhana. Dhana na kitenzi dhani vinatokana na dhann, yaani kukisia au kufikiria jambo bila yakini, na mzizi wake hauna h kabisa. Anayedhani ana shaka. Kilicho dhahania si lazima kiwe na shaka yoyote.

Mkanganyiko mwingine unatokana na matamshi. Kiarabu kina sauti tatu tofauti ambazo Waswahili wamezikusanya katika dh moja. Ya kwanza ndiyo ya dhahabu, dhambi na dhahania. Ya pili ni ya dhahiri, dhuluma na dhana. Ya tatu ni ya dharura, dhamana na dhaifu. Kwa hiyo dhahiri na dhahania, yakitazamwa kwa macho ya Kiswahili, yanafanana kama watoto wa mama mmoja, ilhali hayana undugu. La kwanza linataja kilicho wazi nje, la pili linataja kilichomo ndani ya akili. Wanafunzi wetu wengi ambao lugha zao za kwanza hazina sauti dh hutamka z katika yote mawili, na hapo tofauti ya asili inazidi kufichika.

Wanafalsafa wa Kiislamu waliofuata nyayo za Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, walijadili kwa kina aina mbili za kuwapo: kuwapo kwa nje na kuwapo kwa akilini. Kuwapo huko kwa pili walikuita wujud dhihni. Msomaji azingatie neno la kwanza katika istilahi hiyo. Wujud ni kuwapo. Kilicho katika akili, kwa mujibu wa wataalamu hao, kina namna yake ya kuwapo. Kinyume chake si kitu kilichopo, bali ni kitu kilichopo nje ya akili. Tofauti hii ndogo ndiyo inayopotea katika madarasa yetu.

Inafaa pia kutaja kwamba wanasarufi wa Kiarabu wenyewe hawatumii neno hilo kwa ajili ya nomino za aina hii. Wao husema jina la maana, kwa kulitenga na jina la dhati. Maana na dhati ni maneno ambayo Kiswahili kinayo pia na kinayatumia kila siku. Sarufi ya Kiswahili ilipochagua dhahania, ilichukua neno la elimu ya akili na kulipa kazi ya darasani. Hatuna ugomvi na uchaguzi huo. Tunachosema ni kwamba aliyechukua jembe la jirani sharti ajue lilitengenezwa kwa udongo gani.

Fasili ya macho na mikono

Tuitazame sasa ile fasili iliyozoeleka, ya vitu visivyoonekana wala kushikika. Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba inapima nomino kwa milango miwili tu ya fahamu, ilhali binadamu anayo mitano. Hewa haionekani, wala mtu hawezi kuishika kiganjani, lakini ni kitu cha nje ya akili na ina uzito unaopimika katika maabara. Sauti haionekani, ila inasikika. Harufu haishikiki, ila inanuswa. Tukiifuata fasili hiyo neno kwa neno, harufu ya samaki wa kukaanga katika soko la Nakawa itakuwa dhahania. Hakuna mwenye pua atakayekubali.

Udhaifu wa pili unatokana na nyongeza ambayo walimu hupenda kuitia ili kumrahisishia mwanafunzi, kwamba nomino dhahania huanza kwa U. Ni kweli kwamba kiambishi hiki huunda nomino nyingi za sifa na hali: uzuri, utajiri, umaskini, uzima. Mwanafunzi anayezungumza Kiganda analitambua jambo hilo mara moja, kwa kuwa lugha yake inasema obulungi, obugagga, obwavu na obulamu. U ya Kiswahili na bu ya Kiganda zina asili moja ya Kibantu, na ni vyema mwalimu autumie undugu huo. Lakini kanuni haikamiliki. Ukuta, uso, ugali, unga na ufunguo huanza kwa U na vyote vinaonekana, vingine vinalika. Kwa upande mwingine, haki, amani, njaa, hasira, imani, mapenzi, kicheko na kifo havianzi kwa U na vyote ni dhahania. Nomino dhahania zimetawanyika katika ngeli nyingi. Hakuna ngeli moja iliyotengwa kwa ajili ya mambo ya akilini.

Udhaifu wa tatu ndio mkubwa zaidi. Fasili inayosema tu kile ambacho kitu sicho huacha nafasi tupu, na mwanafunzi huijaza mwenyewe. Ameambiwa hakionekani wala hakishikiki. Anaongeza la tatu: basi hakipo. Hatuwezi kumlaumu sana, kwani tumemfikisha mlangoni wenyewe.

Zimwi na haki

Hapa ndipo tunapopaswa kutenganisha mambo mawili ambayo neno moja limeyafunga pamoja. Jambo la kwanza ni kama kitu kina mwili au hakina. Jambo la pili ni kama kitu kipo kweli au hakipo. Haya ni maswali mawili, wala jibu la moja si jibu la jingine.

Chukua zimwi. Hakuna aliyekutana nalo njiani, lakini kila anayelisimulia hulipa mdomo, meno na tumbo. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kinachokula hakiwezi kuwa dhahania. Zimwi si la kweli, lakini lina mwili. Chukua sasa haki. Haina mdomo wala tumbo, lakini mahakama zimejengwa kwa ajili yake, na watu wamekufa wakiitafuta. Haki haina mwili, lakini ni ya kweli. Ukiviweka vitu hivi viwili katika kapu moja kwa sababu vyote havijawahi kuonekana sokoni, umefanya kosa la kupanga papa na ndege pamoja kwa sababu vyote havipandi ngazi.

Sarufi yenyewe inaijua tofauti hii. Tunasema malaika amekuja, jini ametoka, shetani amekimbia. Upatanisho ni ule wa viumbe wenye uhai, na haubadiliki kwa kuwa msemaji anaamini au haamini. Sarufi haimuulizi mtu imani yake. Inauliza tu kama kinachotajwa kimechukuliwa kuwa kiumbe kinachotenda. Lakini amani na haki hazichukui upatanisho huo mpaka msanii azigeuze kuwa watu.

Kugeuza huko ni kazi ya kale katika fasihi simulizi ya hapa Uganda. Kila mtoto wa Buganda amesimuliwa habari za Kintu na Nambi, na jinsi Walumbe, nduguye Nambi, alivyowafuata duniani baada ya Nambi kurudi kuchukua mtama wa kuku. Walumbe ndiye kifo. Kifo ni nomino dhahania iliyo safi kabisa, lakini katika masimulizi hayo kina jina, kina ukoo, kina hasira, na kinakimbizwa na Kayikuzi mpaka kinajificha ardhini kule Ttanda. Je, masimulizi hayo ni ya mambo yasiyokuwapo? Walumbe mwenye miguu ni wa kubuni. Kifo anachokiwakilisha hakijabuniwa na mtu. Mwanafunzi asiyeweza kusema sentensi hizo mbili pamoja hajaanza kusoma fasihi.

Nchi zinazosadikika na kufikirika

Fasihi andishi inatupa ushahidi zaidi. Shaaban Robert, aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1962, aliziita nchi zake mbili mashuhuri za kubuni Kusadikika na Kufikirika. Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951, na Kufikirika mwaka 1967, baada ya mwandishi kufariki. Tunawaomba wasomaji wayatazame majina hayo kwa jicho la mofolojia. Sadiki na fikiri ni mizizi iliyotoka Uarabuni. Mwandishi akaitia kiambishi cha Kibantu -ik-, kile kile kinachotupa lika, someka na pitika. Kiambishi hiki hueleza kwamba tendo linawezekana. Chakula kinalika, njia inapitika, nchi inasadikika.

Mwandishi angeweza kuziita nchi hizo kwa jina lenye maana ya uongo au utupu. Hakufanya hivyo. Alichagua kusema kwamba haya ni mambo ambayo akili inaweza kuyabeba na moyo unaweza kuyaamini. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye nadharia nzima ya ubunifu katika maneno mawili. Kusadikika ni nchi iliyo angani, haina mahali katika ramani. Ndani yake Karama anashtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe, na waziri anayemshtaki anaitwa Majivuno. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita, yaani Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhai na Amini, waliotumwa pande zote kutafuta mema ya kuifaa nchi na kuambulia adhabu waliporudi. Kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza, na wahakiki wengi wamekisoma kama ukosoaji wa utawala huo. Nchi ni ya kufikirika. Dhuluma si ya kufikirika.

Tazama pia majina ya wahusika. Buruhani ni ushahidi, fadhili ni wema, auni ni msaada. Majivuno kwa kawaida huchukua upatanisho wa ya-: majivuno yalimponza. Ndani ya kitabu jina hilo hilo linachukua upatanisho wa mtu: Majivuno alimshtaki Karama. Nomino dhahania imevaa kanzu na kuingia mahakamani. Mwalimu anayefundisha sarufi chumba kimoja na fasihi chumba kingine, bila kuonyesha mlango unaounganisha vyumba hivyo, amemnyima mwanafunzi wake utamu wa somo.

Hali inakuwa mbaya zaidi tunapofika katika riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991. Wanafunzi huziita riwaya dhahania, na kwa kusema hivyo hujiona wamemaliza kazi. Wanachotaka kusema ni kwamba matukio yake hayawezi kutokea, kwa hiyo hayawahusu. Lakini riwaya hizo zinahoji ukweli, mauti, imani na maana ya maisha. Ni dhahania kwa maana ile ya asili, kwamba uwanja wake mkuu ni akili, na kwa sababu hiyo hasa zinamhusu kila mwenye akili. Neno lililopaswa kuwa ufunguo limegeuzwa kuwa kufuli.

Kila neno na kazi yake

Kiswahili si maskini wa maneno katika uwanja huu. Tatizo letu ni uvivu wa kuyatumia. Anachokiona mtu usingizini ni ndoto, neno ambalo ni ndugu wa ekirooto cha Kiganda. Ikiwa ni maono yenye uzito zaidi, huitwa njozi. Maji anayoyaona msafiri mbele ya barabara wakati wa jua kali, na ambayo hayafiki kamwe, ni mazigazi. Anayofanya mtu kwa ujanja mbele ya watazamaji ili jicho lidanganyike ni kiinimacho, au mazingaombwe. Habari iliyotungwa ili kuwapotosha watu ni uzushi. Hadithi iliyotungwa bila nia ya kumdanganya yeyote ni ya kubuni, na kazi za namna hiyo kwa jumla huitwa bunilizi. Nchi, kiumbe au hali inayoundwa na fikra ni ya kufikirika. Dhahania ibaki na kazi yake: sifa, hali, hisia na mawazo ambayo akili huyatenga na vitu.

Faida ya mgawanyo huu ni kubwa. Mazigazi hayana mdanganyaji, kiinimacho kinaye. Uzushi unadai kuwa kweli, bunilizi haidai. Ndoto haimtaki mtu ruhusa. Mwanafunzi anayejua tofauti hizi anaweza kusoma gazeti na riwaya kwa siku moja bila kuvichanganya. Asiyezijua ataiita riwaya uongo na kuuamini uzushi.

Ipo pia methali inayoweza kutusaidia kuliko fasili nyingi. Wahenga walisema akili ni mali. Mali tunaiona, tunaihesabu, tunaigombania mahakamani. Akili hatuioni. Wahenga waliziweka pande zote mbili za kitenzi kimoja bila wasiwasi, kwa kuwa hawakudhani kwamba kisichoonekana hakipo.

Lubugo na ufundi wake

Kwa wale wanaoona kwamba huu ni mjadala wa maneno matupu, tutoe mfano kutoka hapa nyumbani. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi wa kutengeneza lubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mtu anaweza kushangaa. Lubugo linashikika, linavaliwa, linanunuliwa. Lakini kilichoorodheshwa si kitambaa. Ni ujuzi wa kuchuna gome bila kuua mti, wa kulipiga kwa nyundo za mbao mpaka lipanuke, wa kujua lini laanikwa na lini laondolewa juani. Ujuzi huo unakaa katika akili na mikono ya mafundi. Ni dhahania kwa kila kipimo cha sarufi.

Sasa tumwulize mwanafunzi wetu: je, ujuzi huo haupo? Ukipotea, miti ya mutuba itabaki imesimama na nyundo zitabaki ghalani, wala hakutakuwa na lubugo. Kilichopotea kitakuwa ni kile kisichoonekana. Hii ndiyo nguvu ya dhahania. Hufa kimya kimya, na vitu vinavyoonekana hufuata baadaye.

Hitimisho

Tumeichambua istilahi moja kwa urefu kwa sababu wakati unatudai. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika mwaka 2020, Kiswahili kimekuwa somo la lazima kwa wanafunzi wa miaka miwili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia lugha hii ipewe nafasi zaidi katika shule na katika shughuli rasmi. Walimu wengi watakaoibeba kazi hiyo wanapita katika vyumba vya Kyambogo. Fasili tunayowapa leo itaandikwa kesho katika mbao za Arua, Kabale, Mbale na Masindi. Tukiwapa fasili iliyopinda, tutaisambaza kwa wepesi ule ule.

Tunapendekeza basi kwamba mwalimu aseme hivi: nomino dhahania hutaja sifa, hali, hisia au wazo, yaani jambo tunalolifahamu kwa akili na si kwa mlango wowote wa fahamu peke yake. Kisha aongeze, hata kama hajaulizwa, kwamba jambo hilo laweza kuwa la kweli kabisa. Atoe mfano wa haki, aweke mfano wa zimwi pembeni, na awaache wanafunzi wabishane mpaka kengele ilie.

Nchi ambayo vijana wake wanafundishwa kwamba haki, uhuru na amani ni majina ya vitu visivyokuwapo isishangae wakikua bila kuvidai. Wasomaji wenye mifano kutoka lugha nyingine za Uganda, hasa zile zisizo za Kibantu na zisizo na kiambishi kama bu au U, wanakaribishwa kutuletea idarani. Tutashukuru kujua jinsi wazee wao walivyoyataja mambo yanayokaa akilini.